Mjomba anataka nisome ugavi, mimi nataka kutibu familia zenye majeraha

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja hapa mkoani Mtwara. Nilisoma shahada ya ustawi wa jamii Dar es Salaam, nikaajiriwa, na nimeshathibitishwa kazini. Kazi yenyewe unaijua: matunzo ya watoto, ndoa zinazovunjika, wazee waliotelekezwa, mabinti waliopewa mimba wakiwa shule, kesi zinazoletwa na Dawati la Jinsia na Watoto. Msimu wa korosho ndiyo balaa. Hela ikishaingia, baba anahamia kwa mwingine, mama anakuja ofisini na watoto na mfuko wa nguo.

Kuandikisha makubaliano ya matunzo naweza, Shangazi, lakini watu wanarudi. Wanasaini leo, mwezi haujaisha wako mlangoni tena, wamenuniana vilevile. Ndiyo maana nataka kuwa mtaalamu wa tiba ya saikolojia, hasa upande wa familia na watu waliopitia mambo ya kutisha. Lakini nimekwama.

Kwanza ni mjomba. Yeye ndiye aliyenisomesha tangu kidato cha kwanza, baba hakuwepo. Ameniambia korosho za mwaka huu zikiuzwa atanilipia shahada ya pili, ila iwe ya manunuzi na ugavi. Anasema kukaa na watu waliochanganyikiwa kutanichanganya na mimi, na kwamba hapa Kusini hakuna atakayetoa pesa yake ili tu aongee. Mama amenyamaza, na mama akinyamaza ujue yuko upande wa kaka yake.

Halafu kuna tangazo nimetumiwa WhatsApp. Kozi ya wiki mbili ya mtandaoni, laki nne, ukimaliza unapewa cheti cha utaalamu wa kiwewe na familia. Rafiki yangu anasema tusome wote, tukodi chumba karibu na stendi, tufungue ofisi.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kuna mtoto wa kiume analetwa ofisini na bibi yake. Walihama kutoka kijiji cha mpakani, kando ya Ruvuma. Aliona nyumba yao ikiungua akiwa mdogo sana. Pikipiki ikipiga mlio barabarani anaingia chini ya meza yangu, anashika mguu wa kiti, hatoki mpaka bibi aanze kumwimbia. Nyumbani anakojoa kitandani, na mjomba wake anamchapa kwa hilo. Bibi ameniomba nimtoe maneno. Je, nimkalishe anisimulie yote ili moyo utue? Au nitamuumiza? Na mimi mwenyewe nikifumba macho usiku naona moto ambao sikuuona.

Nisaidie Shangazi.
Mwenye kiu, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Barua yako nimeifupisha, na mambo ya mtoto nimeyabadilisha kidogo ili asitambulike. Nianze na yeye, maana masomo yako yanaweza kungoja mwaka, yeye hawezi.

Usimkalishe akusimulie yote. Najua bibi anaamini kuwa neno likitoka moyo unatulia, na kwa ugomvi wa kawaida ni kweli. Kwa mtoto aliyeona moto na watu wakikimbia, kuvutwa arudi kule kabla hajapata pa kusimama ni kumpitisha kwenye tukio mara ya pili. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unasimama juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Anachotaka kusema unakisikiliza. Asichotaka kusema humchimbi. Simulizi kamili itafika siku yake, kidogo kidogo, mbele ya mtu aliyefunzwa kuipokea.

Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1992 alieleza kupona kwa hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu na maisha. Mtazame mtoto wako sasa. Usiku anaota moto, asubuhi anachapwa kwa godoro kulowa. Hatua ya kwanza bado hajaipata, bibi anataka tumrushe ya pili.

Kwa hiyo wa kuitwa ofisini kabla ya mtoto ni huyo mjomba mwenye fimbo. Usianze kwa kumtisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 unayo, na siku ikibidi utaitumia, lakini leo mwite kama mkubwa wa nyumba. Mweleze kwamba mwili wa mtoto mwenye hofu haupumziki hata akilala, na kwamba mkojo ule si utundu wala uvivu. Kisha mpe kazi. Amwamshe mtoto mara moja usiku aende kujisaidia. Kama ana pikipiki, akitoka nayo asiiwashe uani. Aisukume hadi barabarani. Akitaka kumgusa, amwite jina kwanza asimshtue. Wanaume wengi niliokutana nao walichapa kwa sababu hawakuwa na kingine walichojua kufanya. Wakipewa cha kufanya, wengi fimbo wanaiweka chini. Wasioiweka ndio wa kuchukuliwa hatua, na hapo huhitaji ruhusa ya mtu.

Bibi anayeimba usimkatize. Muulize ni wimbo gani, alianza kuuimba lini, mtoto huachia mguu wa kiti anapofika wapi. Yote hayo yaandike kwenye faili. Mtoto mwenyewe mwambie waziwazi kwamba chini ya meza anaruhusiwa, na kiti chake kiweke mahali anapouona mlango. Halafu andika rufaa waende hospitali ya Ligula, waonwe na watu wa afya ya akili, na mkojo upimwe pia, kwa sababu si kila mtoto anayekojoa kitandani ni kwa ajili ya hofu. Ukiweza, fuatana nao. Na bibi mpe namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo.

Umeona ilivyokwenda, mwanangu? Tumeanza na mtoto mmoja mwenye kiwewe, mara tuko kwa mjomba, bibi na pikipiki. Ndiyo maana nimefurahi kwamba unataka kusomea familia na kiwewe kwa pamoja. Kwetu huku havitenganishwi.

Wataalamu walioanzisha tiba ya familia walikuwa na hoja kama hiyo. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Marekani, aliacha kumtazama mtoto peke yake akaanza kutazama nyumba nzima: nani anakaa karibu na nani, nani anamsemea nani, mtoto amebebeshwa ugomvi wa wakubwa au la. Murray Bowen akasisitiza vizazi, kwamba hofu ya babu inaweza kuonekana kwa mjukuu. Utawasoma hao wote. Ila usome ukijua kwamba familia waliyoiona wao mara nyingi ilikuwa baba, mama na watoto. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na kaka wa mama ana sauti ambayo vitabu vile haviitegemei.

Nakumbuka familia moja iliyonijia kwa ajili ya binti aliyegoma kwenda shule. Baba alikuwa msemaji, mama anatazama sakafu, binti anachezea ncha ya mtandio. Nikatandika karatasi kubwa mezani nikaanza kuchora ukoo kama tunavyofundishwa, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, vizazi vitatu. Bibi mzaa mama akasogeza kiti. Akatazama, akaweka kidole kwenye mraba mmoja pembeni, akasema, "Huyu mbona hajaitwa?" Alikuwa kaka wa mama, anaishi Newala. Unyago wa yule binti, ada yake, hata posa iliyokuwa imeanza kunong'onwa, vyote vilikuwa mikononi mwake. Kikao kilichofuata alikuja, na binti akaongea kwa mara ya kwanza, akimtazama yeye. Elimu ya namna hiyo utaikuta huku, na ukienda Dar es Salaam kusoma usiiache nyuma ukidhani ni ushamba.

Sasa kozi ya laki nne. Usiilipe.

Ufupi wa kozi pekee usingenitisha. Kule Philadelphia, miaka ya mwisho ya 1960, Minuchin na wenzake Jay Haley na Braulio Montalvo walichukua wakazi wa mitaa maskini wasio na shahada wakawafundisha kutibu familia, na waliweza. Walifanya kazi huku wanatazamwa. Mwalimu alikuwa nyuma ya kioo, anaona kikao kinavyokwenda, anaingilia pale pale mambo yanapopinda. Karibu zaidi na sisi, kuna utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, wa miaka 7 hadi 13, ndio walioshiriki. Waliotoa tiba ya kiwewe walikuwa watu wa kawaida wasio na historia ya kazi ya afya ya akili. Walifundishwa, na wakawa na wasimamizi waliokutana nao kila wiki. Watoto walikutana kwa vikundi, na walezi wao nao walikuwa na vikao vyao. Ilisaidia, na kwa upande wa Tanzania nafuu ilionekana zaidi mjini.

Kwa hiyo mpigie simu huyo muuza kozi umuulize: nani atanitazama nikifanya kazi? Mteja akiniambia saa kumi jioni kwamba leo anataka kujiua, nampigia nani? Kama jibu ni kwamba cheti kinatumwa kwa barua pepe, umeshaelewa. Mtu asiye na msimamizi akifungua jeraha la mwenzake kwenye chumba cha stendi, halafu lisifungike, mteja anarudi nyumbani nalo, na nyumbani kuna watoto.

Ujue pia wenzetu wanadai nini, si kwa sababu sheria zao zinatuhusu, ila upime wiki mbili ni kitu gani. Jimbo la California linataka saa 3,000 za kazi inayosimamiwa kabla ya kumpa mtu leseni ya tiba ya ndoa na familia, na saa zisizopungua 500 ziwe na wenza, familia au watoto. Uingereza, kuwa mtaalamu kamili wa tiba ya familia huchukua kama miaka 4 ya mafunzo, nayo huja baada ya fani nyingine kama uuguzi au ustawi wa jamii. Maana yake wewe uliye na shahada ya ustawi na miaka ya kesi mkononi hujaanza sifuri.

Kwa Tanzania, njia ninayokushauri ni shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ndiko ningekuelekeza kwanza. Ni miaka 2, na faida yake kubwa ni kwamba unafanya mazoezi hospitalini, na wagonjwa wa kweli, chini ya macho ya waliokutangulia. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa mwaka unaoomba, uandikie chuo uwaulize wazi kama shahada yako inakubalika au kuna masomo ya kuongezea. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi na kinatoa uzamili wa ustawi wa jamii. Kwa anayeshindwa kabisa kuacha kazi si njia mbaya, lakini itakuongeza kwenye fani uliyo nayo, haitakufanya mtaalamu wa tiba. Mazoezi ya wodini hayasomwi kwa kompyuta mpakato.

Shahada hiyo itakupa msingi: kupima, kutofautisha sonona na huzuni ya msiba, kujua lini umpeleke mtu kwa daktari wa dawa. Tiba ya familia na tiba ya kiwewe utazijenga juu yake, kwa mafunzo ya ziada na kwa kesi unazozifanya mbele ya msimamizi. Vyuo vingi vya fani hii duniani humtaka pia mwanafunzi akae yeye mwenyewe kwenye kiti cha mteja kwa muda. Usilikwepe hilo. Aliyekulia nyumba isiyo na baba, akasomeshwa na mjomba, akaja kukaa katikati ya ndoa zinazovunjika, ana yake ya kutazama, na ni bora ayatazame kabla hayajaanza kuongea kwa sauti yake mbele ya wateja.

Kuna jambo jingine litakalobadilika ambalo sina hakika umelifikiria. Leo wewe ni mtu wa serikali. Unaandika taarifa, mahakama inaisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka, na wewe umezoea dunia hiyo ya kutafuta makubaliano na saini. Mtaalamu wa tiba hatafuti saini. Anatunza siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anadhuriwa. Familia moja huwezi kuifanyia yote mawili; ukiandika taarifa ya mahakama kuhusu mume, usitegemee akufungulie moyo wiki ijayo. Na hili lishike tangu sasa: pale ambapo kipigo kinaendelea, usiwakalishe mke na mume pamoja uwaombe wasemezane ukweli. Ukweli atakaousema mbele yako, mwanamke ataulipia usiku. Mhakikishie usalama kwanza.

Tuje kwa mjomba wako. Kwamba hapa Kusini watu hawatalipa ili waongee, ana sehemu ya haki. Ofisi ya kulipia karibu na stendi haitakulisha, nami sitaki ujidanganye. Kazi ya fani hii iko hospitali, kwenye mashirika, mashuleni, na ndani ya halmashauri yenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko pale Mitengo, Ligula ipo, Sokoine ipo Lindi. Nenda ukaulize kabla hujaomba chuo: ikama yenu ina nafasi ya mwanasaikolojia? Nani anayefanya kazi hiyo leo? Urudi kwa mjomba na majibu, usirudi na ndoto.

Lakini kwamba hakuna uhitaji, hapana. Vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vilianza mwaka 2017, ng'ambo tu ya mto. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka wakavamia kijiji cha Kitaya huku kwetu Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliwapiga watu wa Kilwa. Baada ya kila jambo huja mahema, unga na mablanketi, na ni sawa vije. Wanaobaki na watoto wanaojificha chini ya meza ni mabibi.

Usiende kwa mjomba peke yako. Anza na mama, faragha, umweleze kama ulivyonieleza mimi, kisha muende wote wawili. Mshukuru kwanza kwa ada zote alizolipa. Usibishane naye kuhusu ugavi. Mwambie gharama, muda, nani anaajiri, na kwamba unaomba ruhusa ya masomo ili kazi yako ibaki. Mkubwa anayeuliza "utakula nini" anataka hesabu, na hesabu unayo uwezo wa kumletea.

Hofu yake ya pili, kwamba utachanganyikiwa, usiidharau. Hapo mjomba anaona mbali kuliko lile tangazo. Moto unaouona usiku ni jambo linalojulikana katika kazi hii. Anayepokea simulizi za kutisha bila pa kuzipeleka hubaki nazo mwilini. Tafuta mtu wa fani, hospitalini au mwenzako mzoefu wa wilaya jirani, mpange saa moja kila wiki ya kuzungumzia kesi bila kutaja majina. Usifungue faili nyumbani. Kesi nzito mbili usizipange asubuhi moja. Usingizi ukiendelea kukukimbia baada ya hapo, nenda ukaonwe wewe kama mgonjwa, na usione haya.

Na barua ya ruhusa usiicheleweshe. Masomo ya mtumishi huanzia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai na bajeti hupangwa miezi mingi kabla yake. Jina lako likikosa humo, hata mjomba akikubali utasubiri mwaka mwingine. Mwone afisa utumishi kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, uulize fomu inapelekwa wapi na nani anaisaini.